Mshumaa wa Rubani Nikodim

Jumamosi ya kuwakumbuka wafu, asubuhi, Tinka alikuja kwenye uzio akiwa amechangamka kama mtu anayetoka harusini, akamwambia jirani yake Safta kwamba marehemu mumewe, Pante, amemjia ndotoni na kwamba amenawiri kupita kiasi. Amenenepa mashavu, amevaa shati la kitani lililopigwa pasi, na miguuni ana buti ndefu za ofisa, nyeusi, zenye kamba za njano.

Safta alikuwa akimnyonyoa kuku. Mkono wake ukasimama.

"Kamba za njano?"

"Njano kama kiini cha yai, shoga. Mimi mwenyewe nilishangaa."

"Na kisigino cha kushoto kimepigiliwa kipande cha bati?"

Tinka alifikiri kidogo, kisha akakiri kwamba sasa anapoulizwa, ndiyo, Pante alipokuwa akitembea mguu mmoja ulikuwa unalia.

Safta akamweka kuku chini. Buti hizo alizijua kuliko alivyozijua soli za miguu yake. Pasaka iliyopita alizinunua kwa mwanajeshi mmoja mstaafu, akampa Gligor mchunga kondoo mbele ya mshumaa na ubani, akatamka bila kumung'unya maneno kwamba ni za kaka yake Nikodim, zimfikie huko aliko. Kamba za njano alizitia mwenyewe kwa sababu nyeusi zilikuwa zimeisha dukani. Na pale kijijini Ciutureni hakuna asiyejua mambo haya yanavyokwenda: unachompa aliye hai kwa jina la marehemu, marehemu hukipata kule kikiwa kizima, tena kwa saizi yake. Huku mchungaji anavaa akikanyaga mavi ya kondoo, kule rubani anavaa na kung'ara. Sasa aliyevaa ni Pante, mtu ambaye alipokuwa hai hakuacha salama kuku wala shoka la jirani yeyote.

"Mumeo mwizi, Tinka."

"Mume wangu amekufa."

"Amekufa na bado anaiba."

Tinka alimjia juu. Alisema kule hakuna wizi, kule ni kwa Mungu, na kama Pante amezipata basi ameziokota tu. Zilikuwa zimelala njiani, hazina mwenyewe, yeye akapita akaziona. Mtu yeyote angeokota.

Neno hilo la kuokota ndilo lililomkata Safta maini, maana lilieleza kila kitu. Mtu akifa bila mshumaa unaowaka mkononi, anaingia gizani na anabaki huko huko. Haoni. Ukimpelekea mkate, unaanguka miguuni pake naye hajui. Ukimpelekea blanketi, analikanyaga. Wanaopita na mishumaa yao ndio wanaookota. Nikodim alikufa vitani bila mshumaa, hilo Safta alilijua siku zote, lakini alidhani sadaka zake zingempapasa hadi zimpate. Alimpelekea mashati, alimpelekea kitanda na godoro lake, alimpelekea kondoo dume, ngano ya kuchemsha yenye sukari na jozi kila mwaka, na chupa za tuika, ile pombe kali ya plamu, zisizo na idadi. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa akimnenepesha Pante.

Mali haikumuuma sana, ingawa kitanda kile kilimuuma kidogo. Kilichomliza, na alilia pale pale uani huku manyoya ya kuku yakimganda usoni, ni kwamba kaka yake amekaa gizani muda wote huo na njaa yake, akidhani dada yake amemsahau.

Nikodim, tangu utotoni, aliogopa kimo. Plamu alikula zile zilizoanguka zenyewe. Akitumwa kupanda darini kuleta mahindi, ilibidi mama yao amshike suruali kwa nyuma. Alipoitwa jeshini aliomba kikosi cha farasi, akapandishwa juu ya farasi, akatazama chini, akatapika. Ofisa mmoja akauliza ni nani kati ya vijana hao amewahi kutengeneza mashine. Nikodim akanyoosha mkono, kwa sababu aliwahi kuipiga teke mashine ya kupura ngano nayo ikawaka. Basi wakampeleka kwenye ndege, tena ndege za mabomu, maana hizo ndizo zilizokuwa zikiishiwa na watu haraka.

Alipokuja likizo alimweleza Safta kwamba huko juu haogopi hata chembe. Kinachotisha duniani ni ngazi, alisema, na angani hakuna ngazi.

Safari yake ya kwanza ya kupiga mabomu, bomu moja lilikataa kutoka. Alirudi nalo, akatua polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na kambi nzima ikakimbilia mahandakini, mkuu wa kikosi akiwa wa kwanza. Walimpa nishani. Kijijini ilisemekana kwamba ni nishani ya kutolipuka, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba mwingine amepewa.

Halafu kambi ikahamishiwa karibu na kwao. Siku moja ya Jumapili ndege ikaja chini kabisa juu ya Ciutureni na kuangusha kitu. Watu walilala kifudifudi barabarani na nguo zao za kanisani. Kitu kikatua juu ya paa la kanisa, kikakaa kimya, na walipopata moyo wa kupanda wakakuta ni furushi la nguo chafu za Nikodim. Mama yao alizifua, akazipiga pasi, kisha akakaa akijiuliza atazirudishaje. Kila mtu alikuwa na maoni. Mwishowe wakazitundika kwenye kilele cha mti mrefu kuliko yote kijijini ili azichukue akipita. Nikodim alipita tena, akainamisha bawa kuwasalimu, na nguo akaziacha pale pale. Mama alinuna hadi Krismasi, akidhani kijana ameona hazikutakata.

Alikufa siku ile ile nchi ilipogeuza upande wa vita. Aliruka jioni akiwa rafiki wa Wajerumani. Akiwa bado hewani, redio ikatangaza kwamba Wajerumani sasa ni maadui na Warusi ni marafiki, lakini redio ya ndege yake ilikuwa mbovu. Warusi wakampiga kwa sababu hawakujua, na Wajerumani wakampiga kwa sababu walijua. Ndege ikapasuka juu kwa juu. Ofisa aliyeleta habari kwa pikipiki alisema hakikuanguka kitu cha kuzika, hata kifungo.

Hakuna aliyeweza kusema alikufa kwa ajili ya nani. Mnara wa mashujaa ulipojengwa, waliokufa upande mmoja wakaandikwa mbele na waliokufa upande mwingine wakaandikwa nyuma, na Nikodim akaandikwa ubavuni, pale penye upana wa kiganja, herufi moja juu ya nyingine. Baadaye siasa ilipobadilika mnara uligeuzwa, na ilipobadilika tena ukageuzwa tena. Yeye akabaki ubavuni, akiutazama uzio wa zahanati.

Safta alifuta machozi, akavaa kitambaa chake cheusi kizuri, akaenda kwa Padri Meletie.

Padri alikuwa mtu mnene, mwema, aliyeogopa vitu viwili: chama tawala na upepo wa kupenya dirishani. Kwanza alimwambia awashe mshumaa kanisani kama kawaida. Safta akamjibu kwamba kanisani amewasha hadi dari limeingia masizi, na aliyefaidika ni Pante. Padri akakuna ndevu. Alisema wazee wa zamani walikuwa na utaratibu wao: nuru hupelekwa pale roho ilipotoka. Aliyezama, unampelekea mtoni. Aliyeangukiwa na mti, unampelekea kwenye kisiki.

"Na aliyekufa hewani, Baba?"

Padri Meletie alitazama dari. "Hewani," alisema, kwa sauti ya mtu anayejuta kuianza habari.

Basi likawa jambo la kijiji kizima. Mshumaa wa namna hiyo lazima urefu wake uwe sawa na marehemu, kisha unakunjwa kama konokono ili ubebeke. Lakini Nikodim alikuwa na urefu gani? Wanaume kilabuni walimfanya jitu. Kila aliyeulizwa alinyoosha mkono juu zaidi ya mwenzake, na mmoja akapanda kwenye benchi ili mkono ufike. Safta aliwasikiliza, akarudi nyumbani, akapima kwenye fremu ya mlango alama ambayo mama yao aliikwaruza kwa kisu kijana akiwa tayari na begi la jeshini begani. Alikuwa mfupi. Safta alikuwa amesahau hilo. Alisimama kwenye alama, ikamfikia katika nyusi, na alicheka na kulia kwa pamoja huku akiviringisha nta.

Kuhusu kupanda angani, njia ilikuwa moja tu. Kila kiangazi ndege ya kunyunyizia dawa ilikuja kwenye shamba la ushirika na kukaa ukingoni mwa alizeti. Rubani wake aliitwa Romulus, kijana mwenye kipara cha mapema na mdomo mchafu, ambaye alilala chini ya bawa na kula chochote alicholetewa. Safta alimletea mikate ya jibini. Alipomaliza kula alimweleza shida yake. Romulus alicheka mpaka akapaliwa, na alipoona bibi hacheki, akaacha.

"Mama, hii inabeba dawa ya wadudu. Haibebi abiria."

"Mimi si abiria. Nashuka pale pale ninapopandia."

"Na unataka kuwasha moto ndani."

"Mshumaa."

"Mshumaa ni moto, mama."

"Mdogo."

Alikataa siku hiyo, akakataa iliyofuata. Siku ya tatu Tinka akajiunga na vita. Alikuwa amekosa usingizi tangu lile neno la wizi, kwa kuwa mtu mmoja alimchokoza kwamba buti za ofisa ni mali ya jeshi, na kuiba mali ya jeshi ni kesi nzito hata duniani, sembuse mahali ambapo hakimu anaona kila kitu. Alimletea Romulus bata mzima. Alimwambia mumewe hakuwa mbaya, alikuwa na mkono mwepesi tu, na kwamba akiachwa aendelee hivi ataishia pabaya. Afadhali Nikodim apate nuru, avione vitu vyake mwenyewe, ili Pante asijaribiwe.

"Kwa hiyo wewe unaniomba nimwokoe marehemu wako," Romulus alimwambia Safta, "na huyu ananiomba nimlinde wake asiibe."

"Umeelewa vizuri."

"Nyinyi wawili hamna akili."

"Inawezekana," Safta alisema. Kisha akamtazama vile alivyokaa, akitafuna, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu, kijana wa watu aliye mbali na kwao, na akamwonea huruma kweli. "Wewe mwanangu kila siku unaruka. Siku ukianguka nayo, nani atakushikisha mshumaa?"

Romulus aliacha kutafuna. Alikuwa wa bonde la pili tu, alikulia kwa bibi yake, na mambo haya hakuyasoma popote, aliyanyonya. Aliitazama ndege yake, iliyoungwaungwa kwa waya na viraka. Alimeza. Halafu akasema kwa hasira, kama vile wao ndio waliomtukana, kwamba kesho baada ya chakula cha mchana mwenyekiti wa ushirika huwa amelala, na kwamba kama mtu atamuuliza, yeye alikuwa akijaribu pampu.

Kesho yake nusu ya kijiji ilikuwa imefika kuona pampu ikijaribiwa. Padri Meletie alikuja na joho na chetezo, lakini kupanda alikataa. Alisema Kanisa halina sala ya ndani ya ndege na yeye si mtu wa kuanzisha uzushi. Wakamletea pipa tupu la dawa asimame juu yake, ili angalau asogee karibu na anga. Safta alipanda na konokono wake wa nta, sinia la ngano tamu, kitambaa kilichotariziwa, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, maana sadaka ya nuru haiendi bila jogoo: yeye ndiye anayemwonyesha marehemu upande ambao kunakucha. Tinka alipanda bila kualikwa. Alisema ana neno na Pante na hataki litumwe kwa mtu.

Walikaa nyuma ya Romulus, juu ya magunia, mgongo kwenye tangi. Kulinuka dawa kiasi cha kutoa machozi. Ndege ilikimbia, ikaruka kidogo, ikarudi chini, ikajifikiria, kisha ardhi ikawaachia. Tinka alifumba macho na kuanza kutubu kwa sauti dhambi ambazo Safta hakuwahi kuzisikia, baadhi zikiwa zinahusu ua wa Safta mwenyewe. Chini, Padri alipeperusha chetezo, na upepo wa pangaboi ukamrudishia moshi wote usoni.

"Mpaka wapi?" Romulus alipiga kelele.

"Alipofia."

"Ni wapi?"

"Juu."

Ndege ile ilizoea kwenda kimo cha mti wa mforosadi. Ilipopita kimo cha mnara wa kanisa ilianza kukohoa. Romulus aliibembeleza, akaitukana, akaibembeleza tena. Kila alipogeuka kuuliza kama panatosha, Safta alimwonyesha kidole kwenda juu. Baridi ikaingia. Jogoo akajinasua kamba za miguu, hakuna aliyejua vipi, akapanda juu ya usukani na kukaa hapo akitazama mbele kama ndiye mwenye leseni.

"Basi, mama. Haiendi zaidi."

Safta akakubali kwamba basi. Akawasha kiberiti, kikazimika. Cha pili kikazimika, na cha tatu. Upepo uliingia kila mahali. Tinka, macho bado kayafumba, alivua aproni yake na kuitanda kama hema, wakajiinamia humo vichwa vikigongana, na utambi ukashika. Moto ulikuwa mdogo kweli, kama alivyoahidi. Romulus alipouona kwenye kioo chake alijipiga ishara ya msalaba na kuomba wafanye haraka, kwani nyuma yao kuna tangi, na tangini si maji matakatifu.

Sasa ilibaki kuita jina. Safta alisogea dirishani ili aite vizuri, na kwa mara ya kwanza akatazama chini.

Alitafuta nyumba yake, hakuiona. Alitafuta kanisa, akaona kitu cheupe kama punje ya mchele. Alitafuta watu, wale wote waliokusanyika, na Padri juu ya pipa lake, na hakukuwa na mtu. Palikuwa na mashamba yamenyooka na barabara kama uzi. Kote kulikuwa safi na kimya.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Watu."

"Wapo pale pale, mama."

"Siwaoni."

"Kutoka hapa huoni mtu," Romulus alisema. Alikuwa akipambana na jogoo na hakugeuka. "Wale wa vitani walienda juu zaidi ya hapa. Wangekuwa wanaona watu, nani angefungua mlango wa mabomu?"

Safta aliendelea kutazama chini. Katika miaka yote hiyo alimwaza Nikodim akiruka, akimwaza na buti, na nishani, na furushi la nguo, na mwisho ule wa moto. Hakuwahi hata siku moja kuwaza mabomu yalianguka wapi. Bomu moja ndilo lililosifiwa kijijini, lile lililokataa kutoka. Mengine yote yalitoka. Yalianguka kwenye mahali kama hapa palipo chini yake, pasafi, pasipo mtu, ambapo mwanamke fulani alikuwa anasonga ugali na mwingine anamkemea mumewe aliyelewa, na hakuna kati yao aliyekuwa na mshumaa mkononi, kwa sababu nani anasonga ugali ameshika mshumaa. Nao walikuwa na madada. Madada hao wanatuma mashati na vitanda hadi leo, na vitu vinaokotwa na wapita njia.

Alimkasirikia Nikodim kama alivyokuwa akimkasirikia walipokuwa watoto, kwa ukali na bila kuacha kumpenda. Alitamani amshike sikio.

"Ita basi, shoga," Tinka alisema ndani ya aproni. "Nta inaniunguza."

Utaratibu unataka utamke jina, moja, waziwazi, ili kitu kisipotee njiani. Safta aliinama mpaka moto ukawa karibu na mdomo wake, akasema jina la kaka yake, kisha akaendelea kusema. Alisema kwa muda mrefu. Injini ilipiga kelele, na Tinka, aliyekuwa amebanana naye kichwa kwa kichwa, aliona tu midomo ikienda na machozi yakishuka puani. Alipomaliza alimpa Romulus mshumaa kwa mkono wa kulia, na juu yake akamtwika kitambaa na sinia la ngano. Rubani alikuwa na usukani mkono mmoja na jogoo mkono wa pili. Akauachia usukani.

"Pokea," Safta alisema.

"Mungu awasamehe marehemu wako," Romulus alisema, kama inavyopasa kusemwa, na ndege ikaanguka kidogo, kisha ikakumbuka kazi yake.

Tinka alitumia nafasi hiyo kufungua jicho moja na kumpigia Pante kelele dirishani kwamba amwachie mtu buti zake.

Walishuka mshumaa ukiwaka. Hakuna aliyethubutu kuuzima, na Romulus alitua ameushika, nta ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akitukana kwa sauti ya chini ya mtu aliyeko kanisani. Watu walikimbilia ndege. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa ameamka na alikuja mbio na fulana yake ya ndani kuuliza kama pampu inafanya kazi, akaona ndevu za padri, jogoo, bibi wawili na mshumaa, akaamua kurudi kulala.

Safta alishuka kwa taabu. Padri Meletie, macho mekundu kwa moshi wake mwenyewe, aliinama kutoka juu ya pipa.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Ukamtaja jina?"

"Nimemtaja."

"Basi atulie sasa," Padri alisema kwa furaha. "Akae kwenye nuru yake, ale, avae, apumzike."

"Hapana, Baba," Safta alisema. "Hapumziki. Nimemwambia mshumaa si wake peke yake. Awapelekee kwanza wale aliowaacha gizani, mmoja mmoja, na vitu vyote ninavyomtumia awapitishie. Mimi majina yao siyajui na wewe huyajui. Yeye ndiye anayejua aliwaacha wapi."

Padri alishuka kwenye pipa, polepole, akishikwa suruali kwa nyuma na mwalimu mkuu wa kwaya, na alipofika chini akavua kofia.

"Wako wengi, Safta?" aliuliza.

"Ataanza tu," Safta alisema, akamwomba Romulus mshumaa ili uendelee kuwaka kwa ajili yao, maana ulikuwa bado mrefu.